Miguu Iliyobaki Ziwani

Mjukuu wangu Swadiki aliingia katika kaburi la mwanangu kwa miguu yake mwenyewe, akatolewa humo kwa mikono ya watu. Nalisema hili mwanzoni ili usome ukijua tunakwenda wapi. Ubaya wenyewe umepita. Kama usingepita, nisingeweza kushika kalamu.

Mimi ni Hawa Letaru. Letaru ni jina la kuzaliwa, kwetu Ajia. Hawa nilipewa nilipoolewa na askari wa Koboko, Sajenti Taban, Mungu amrehemu. Kiswahili changu nilikipata kambini, kwenye mstari wa maji pamoja na wake wa askari wengine. Shule niliacha darasa la tatu. Kwa hiyo mahali nitakapoandika kama ninavyosema, univumilie. Naandika hapa Lobule, wilaya ya Koboko, barazani kwangu, kidogo kidogo, macho yakichoka naacha. Namwandikia mama au bibi ambaye mtoto wake anazama ziwani kwa kazi, hasa sisi tunaokaa juu huku na watoto wetu wanafanya kazi chini kule.

Swadiki ni mtoto wa kwanza wa binti yangu Zainabu, aliyeolewa Dadamu, upande wa Arua. Kazi yake ilikuwa Ziwa Albert. Chini ya ziwa lile iko meli ya moshi ya zamani, ya wakati wa Waingereza, iliyokuwa ikibeba pamba na watu, ikazama kabla sijamzaa Zainabu. Wageni wanatoka mbali sana kuja kuiona. Wanavaa mtungi wa hewa mgongoni, na viatu kama miguu ya bata, wanashuka gizani na tochi. Swadiki ndiye alikuwa anawashusha, anawazungusha, na kuwapandisha salama.

Alipokuja nyumbani alinisimulia mpaka nikaijua meli ile kama nyumba ya jirani. Maji ni ya kijani, mkono wako mwenyewe huuoni. Ngazi zimeoza, ukizishika zinameguka kama biskuti. Sangara mkubwa amelala chumba cha nahodha, hataki kusumbuliwa. Madirisha ni madogo, ya duara.

“Haboba,” alikuwa akiniambia, maana ndivyo wajukuu wa Koboko wanavyoita bibi, “jikoni kwao sufuria bado iko juu ya jiko.”

“Ndani iko na nini?”

“Matope.”

“Basi mpishi wao alikuwa dada ya mke wa Kenyi.”

Kenyi ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mapishi ya mke wake yanajulikana Lobule nzima.

Swadiki alinifundisha pia sheria yao. Ukitoka chini hupandi kwa haraka. Unashika kamba njiani, unakaa tu ndani ya maji, hufanyi kitu, mpaka mwili ukubali. Ukikimbilia juu, mwili unaumia kwa ndani. Mimi nilicheka. Nikamuuliza ni kazi gani hiyo, mtu analipwa kushika kamba. Akacheka naye. Na iko sheria nyingine, hiyo sikuijua wakati ule, yeye aliijua: siku uliyozama, hupandi mlima. Mkubwa wao, Odhiambo wa Kisumu, aliwakataza kabisa kupanda gari kuja Arua au Koboko siku hiyo. Ukitoka majini unalala ziwani. Maana ziwa liko chini na sisi tuko juu, na mwili hauchagui kama unapanda kwa maji au kwa gari.

Mwanangu Ratibu alikufa alfajiri, kwa presha, bila kuugua. Jioni iliyotangulia alikuwa amenipasulia kuni.

Sisi Waislamu hatuweki maiti. Na katika ukoo wetu kaburi linachimbwa na watoto wa dada. Jembe la kwanza ni la mtoto mkubwa wa dada ya marehemu. Kabla hajapiga yeye, wengine wanasimama na majembe yao wakingoja. Si dharau ndogo kukosa. Mtoto wa dada asipokuja, watu watasema mjomba alikuwa na ubaya gani naye. Ratibu alikuwa na dada mmoja tu aliye hai, Zainabu. Na mtoto mkubwa wa Zainabu ni Swadiki.

Zainabu alimpigia simu. Simu ilikuwa kwa mashua, ndani ya begi. Alipotoka majini, mara ya pili asubuhi ile, maana wageni walitaka tena picha za usukani, ndipo akaipokea. Odhiambo ndiye alinisimulia yaliyofuata.

“Lala hapa,” alimwambia. “Kesho nakupeleka mimi na gari yangu, mpaka mlangoni.”

“Kesho mjomba yangu atakuwa amekaa kitandani ananingoja? Kwetu hapana weka mutu.”

“Swadiki, wewe ndiye unafundisha wengine hiyo sheria.”

“Najua. Leo uniache.”

Akapanda boda mpaka barabara kubwa, akapata gari la samaki. Alipopita Nebbi, kiwiko kilianza kumuuma. Akafikiri ni mtungi, ameubeba vibaya. Arua akasikia mwili unawasha, akajikuna. Koboko akateremka, akaja Lobule, akanikuta ndani na wanawake. Akanishika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa bado na mikunjo ya maji. Nilimwambia, “Umekuja.” Akasema, “Nimekuja, Haboba.” Halafu akaenda kuchimba.

Wachimbaji wanataniana, hiyo ni kawaida, ndivyo kazi ile inavyosogea. Shimo lilipomfika kiunoni akaketi chini humo ndani. Taban mdogo, mtoto wa marehemu binti yangu Halima, akamwambia, “Wewe amka, hiki kitanda si chako.” Wakacheka. Swadiki naye akacheka. Halafu akasema, “Taban, miguu imekwenda.” Mwingine akasema kazi ya ziwani imemlegeza huyu. Akarudia, “Miguu imekwenda, jamani, sisikii,” na safari hii hakucheka. Wakamvuta juu kwa mikono. Miguu ilifuata nyuma kama ya mtu mwingine. Jembe lake likabaki limekitwa kwenye udongo pembeni ya kaburi, pale alipolisimamisha.

Wakamlaza kwenye mkeka kando ya nyumba. Mimi nilitoka ndani kwa kelele, nikakuta watu wamemzunguka na Kenyi amesimama kichwani kwake.

“Hii ni marehemu,” Kenyi akasema. “Ratibu amemkamata. Iko jambo kati yao. Mutu hapana guswa mpaka tuchinje mbuzi, tumuombe marehemu amwache.”

Watu wakaitikia. Sikuwalaumu. Mtu mzima anaingia kaburini, miguu inakufa humo humo, wewe ungesema nini?

Nilichuchumaa kwa Swadiki. Nikamfinya paja, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimfinya akiwa mdogo. Aliniangalia tu usoni. Hakujua kama nimemfinya.

“Haboba,” akasema polepole, “mpigie Odhiambo. Mwambie nimepanda.”

Taban mdogo akaweka simu kwa sauti kubwa. Sauti ya Odhiambo ilitoka kabla hatujamaliza salamu.

“Amezimia?”

“Hapana. Miguu ndiyo imekwenda.”

“Mama, nisikilize. Alazwe chali. Asiketi, asisimamishwe. Apewe maji ya kunywa. Apelekwe hospitali sasa hivi apewe oksijeni, si kesho, sasa. Alichimba?”

“Alichimba.”

“Kazi hiyo imezidisha,” akasema. “Wakikwambia ni malaria, kataa. Waambie ametoka chini ya maji leo leo, akapanda mlima. Umeshika?”

“Nimeshika.”

Kenyi akatikisa kichwa. “Mama Ratibu, wewe umekuwa daktari lini?”

“Tangu nilipokupa dawa ya minyoo, tumbo lako likiwa mbele kama ngoma,” nikamjibu. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi nilipoolewa. “Sikiliza, Kenyi. Aliyelala ndani ni mtoto wangu. Nimemzaa, nimemnyonyesha, namjua. Ratibu aliogopa hata kuchinja kuku. Hawezi kukamata miguu ya mtoto wa dada yake. Tafuta gari.”

“Utaacha maziko ya mtoto wako?”

Niliingia ndani. Nikamfunua Ratibu uso. Nikamwambia, mwanangu, wewe umefika, huyu bado. Nikamfunika. Nikachukua leso na chupa ya maji, nikatoka. Sikumwona mwanangu akishushwa. Nilisikia takbiri ya kwanza ya sala yake gari likiwashwa.

Basi ugonjwa wetu ulianza hivyo. Hospitali ya kwanza, pale Koboko, mtu wa mapokezi alitaka kumketisha kwenye kiti. Nikasema hapana. Akasema, mama, kila mtu anakaa. Nikasema huyu analala. Nikatandika leso yangu sakafuni katikati ya watu, nikamlaza, nikasimama juu yake. Wengine walininung’unikia, mwenye kuhara na mwenye jipu, wote wanapita kwa shida. Muuguzi mmoja, Sista Candiru, akaja kuangalia ni bibi gani anazuia njia. Nikamwambia maneno ya Odhiambo yote, kama askari anavyotoa ripoti. Hakucheka. Alisema, “Ugonjwa huo sijauona, Mama, lakini oksijeni ninayo.” Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo. Angeweza kusema anajua. Alisema hajui, halafu akafanya.

Tulipohamishiwa Arua walimwekea mpira wa mkojo, maana mkojo nao ulikuwa umegoma. Hili nalisema wazi kwa sababu hakuna aliyenitayarisha. Mtoto wako mwanamume, baba wa mtoto, utamwosha, utamgeuza, utambadilisha. Atageuza uso ukutani. Wewe osha. Mimi nilikuwa nikimsimulia habari za kambini wakati namwosha, majina ya wake wote wa askari wa mstari wetu, nani alipigana na nani kwa ajili ya ndoo. Nilisema majina mpaka kazi ikaisha. Siku moja akaniambia bado ametazama ukuta, “Haboba, Mama Apollo alirudisha ile ndoo?” Nikajua bado yuko.

Daktari wa Arua alisema Kampala iko hospitali yenye chumba cha chuma ambacho watu kama hawa wanarudishwa ndani yake. Wenye kazi ya ziwani walikubali kugharimia. Tukaondoka kwa gari la wagonjwa, na hapa ndipo ndugu walipogawanyika. Upande wa baba yake, Dadamu, walisema watu wa Koboko wamemla mtoto wao. Upande wetu wakasema nimekimbia matanga. Zainabu mwenyewe hakuwa upande wowote. Aliketi ndani ya gari karibu na miguu ya mwanawe, akiishika kama anaishikilia isianguke.

Barabara ile inateremka mpaka daraja la Pakwach kabla ya kupanda tena. Tulipofika chini kule, Swadiki akafungua macho, akasema kifua kimekuwa chepesi. Na pale darajani, kando ya wauza samaki, Odhiambo alikuwa amesimama. Mtu mnene, shati limelowa jasho, na mitungi ya oksijeni imepangwa miguuni kwake. Nilikuwa nimemchukia njia nzima, kwamba alimwacha apande. Nilikuwa nimepanga maneno. Alipanda ndani ya gari bila kusalimu, akambadilishia Swadiki mtungi, akamshika kichwa.

“Umekuwa mzito,” akamwambia.

“Ni wewe unasema hivyo?” Swadiki akajibu.

Odhiambo akacheka mpaka akalia. Maneno yangu niliyapoteza pale.

Chumba chenyewe ni chuma kama tangi la mafuta, kimelala ubavu, na mlango mzito. Mgonjwa anaingizwa, wanafunga, wanasukuma hewa. Odhiambo alinieleza kwa neno moja tu, na kwangu lilitosha: mwili ulipanda kwa haraka, sasa tunaushusha tena chini ili upande polepole. Kina dirisha dogo, la duara. Niliweka uso pale. Nikamwona amelala na kofia ya hewa, akaniinulia kidole gumba. Alipotoka akasema, “Haboba, ni kama kurudi melini. Ila hakuna sangara.”

Nikamuuliza, “Uliogopa?”

“Nilikuwa nashika kamba,” akasema. “Nilikaa tu.”

Kila alipoingizwa, sisi tulikaa kwenye benchi nje. Wewe utakayekaa benchi kama lile, nakushauri ujue majina ya watu. Mimi niliwajua wote. Alikuwepo Nakato, mguu wa mume wake ulioza kwa sukari na walikuwa wanajaribu kuuokoa kwa hewa ile ile. Alikuwepo mzee Lokwang, kijana wake ameungua. Alikuwepo Acen, mfagiaji, aliyeniletea boksi la kukalia maana benchi lilikuwa la vyuma na mimi sina nyama tena. Ukiwa na majina, siku inakwisha. Mume wa Nakato alipokatwa mguu, nilikuwa na mtu wa kumshika, sikuwa nashika mgeni. Naye nilipokuwa mimi wa kushikwa, alikuwepo.

Maana mwanzoni hakuna kilichobadilika. Aliingia, akatoka, miguu ile ile. Niliona ikikonda mbele yangu. Mapaja yaliyokuwa yakisukuma maji yakawa kama ya mtoto, magoti yakatokeza. Nilipaka mafuta, nikakanda, nilisikia mfupa. Zainabu akaanza kusema usiku na mchana neno moja.

“Mimi ndiye nilipiga simu.”

Siku moja nikachoka. “Zainabu, ulipiga simu kwa sababu kaka yako amekufa. Ulitaka upige kwa nani?”

“Ningengoja kesho.”

“Na mimi ningesema nini kama ungengoja? Ningekupiga. Watu wote wa Lobule wangekusema. Wewe ulifanya kama tulivyofundishwa sisi wote. Sasa tumejifunza jambo jipya. Shika huu mguu, ukande, mdomo unyamaze.”

Alikanda. Tangu siku hiyo alichukua mguu wa kushoto na mimi wa kulia, tukawa tunashindana.

Ayikoru, mke wa Swadiki, alikuja na mtoto mchanga wakati mvua za kwanza zinaanza. Hakutaka kulia mbele ya mume wake, kwa hiyo akawa anacheka sana, hovyo. Akamweka mtoto kitandani miguuni kwa baba yake ili afungue begi. Swadiki alikuwa anaangalia dari. Halafu akasema, kwa kawaida tu, kama mtu anayelalamika:

“Ayikoru, huyu mtoto mzito. Mnampa nini?”

Ayikoru alisimama na kitambaa mkononi. Mimi nikamchukua mtoto, nikamwondoa.

“Na sasa?”

“Sasa ametoka,” Swadiki akasema. Ndipo akaelewa alichosema. Akajifunika uso na mto. Zainabu alitoka nje, tukamsikia anamwita Acen, anamwita Nakato, anawaita watu wote kwa majina niliyomfundisha.

Usidhani ndipo ikaisha. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kidole kilitingishika, baadaye kifundo. Mkojo ulirudi kabla ya goti, na nakwambia tulishangilia mkojo kuliko goti. Daktari alitwambia kwa ukweli: hatarudi kama zamani, na majini asirudi kabisa. Atembee au asitembee, itategemea mazoezi. Swadiki akauliza, “Kutembea umbali gani?” Daktari akasema hajui. Mimi nilijua. Kutoka mlango wangu mpaka kaburi la Ratibu.

Maana jembe lilikuwa bado limesimama pale. Taban mdogo alinipigia simu kuniambia. Kwetu jembe la kaburi linaondolewa na aliyeliacha, na hakuna mtu aliyethubutu kuligusa. Lilinyeshewa pale, jua likalichoma pale. Watoto walikuwa wanapita mbali. Kenyi alisema litasimama mpaka Swadiki naye atakapozikwa. Nilipoambiwa hivyo nilisema: haya. Basi tutaona nani atalitoa.

Nilimleta Lobule, si Dadamu. Ayikoru alikubali kuja na mtoto, Mungu ambariki. Taban mdogo alichimbia miti miwili mirefu ya mkaratusi uani, sambamba, kimo cha kiuno, iwe ya kushika. Asubuhi kabla ya jua kali Swadiki alisimama katikati ya miti ile. Akaanguka. Akasimama. Kumbikumbi walitoka, tukawakaanga, akala amekaa katikati ya miti yake kwa sababu alikataa kurudi kitini. Tukavuna karanga, akamenya, akasimama tena. Siku nyingine alinitukana. Siku nyingine nilimtukana. Siku moja alitupa fimbo mpaka juu ya paa na kusema bora angeachwa katika shimo lile. Ayikoru akaleta ngazi, akapanda kwenye paa, akaiteremsha fimbo, akamwekea mkononi. Swadiki hakusema tena hivyo.

Kenyi alikuwa akija kuangalia. Anakaa kwenye kigoda chake, anakunywa chai yangu.

“Mama Ratibu, tungechinja mbuzi siku ile.”

“Chinja leo,” nikamwambia. “Nani amekukataza? Muombe marehemu, nyama tutakula. Lakini mtoto hatoki kwenye miti yake.”

Kumbe alikuwa anasubiri ruhusa. Alileta mbuzi mzuri, wa kwake mwenyewe. Akasema maneno yake, akamlilia Ratibu, na ndipo nikaelewa kwamba yeye naye alikuwa amefiwa, na muda wote ule hakuna aliyempa mahali pa kulia. Nilikaa karibu naye. Mimi pia nilikuwa bado sijamlilia mwanangu. Tulilia pamoja pale, wazee wawili, mbuzi anachunwa. Swadiki alituangalia, akaendelea kutembea katikati ya miti.

Kiangazi kilipofika akatoka nje ya miti, na fimbo mbili. Kiangazi kilipokaribia kwisha, fimbo moja. Mguu wa kulia ulikuwa bado unachora mstari chini. Asubuhi moja Ayikoru alikuwa anafagia, Swadiki akamwambia, “Mwite Mzee Kenyi.” Halafu akaondoka. Hakungoja Mzee Kenyi.

Tulimfuata nyuma, hakuna aliyemshika. Alipita miti yake, akapita choo, akapita mihogo. Mara mbili alisimama, akakaa kimya ameegemea fimbo, hafanyi kitu. Zainabu akataka kwenda, nikamvuta gauni. Nilijua anashika kamba.

Alifika. Akaweka fimbo chini, akashika mpini wa jembe kwa mikono miwili, akavuta. Mpini ukakatika pale pale, ukabaki mkononi mwake. Mchwa walikuwa wameula wote kwa ndani, limebaki ganda. Swadiki akauangalia ule mpini, unameguka vidoleni.

“Kama ngazi za meli,” akasema.

Kenyi, aliyekuwa ametufikia anahema, akasema, “Hii nayo iko na maana.”

“Maana yake mchwa, Mzee,” Swadiki akamjibu. Akapiga magoti, na mwenye kujua magoti yale atajua maana ya kupiga magoti. Akafukua chuma kwa vidole, taratibu, mpaka kikatoka na udongo wake. Akakifuta kwa shati. Akaweka kiganja juu ya kaburi la mjomba wake, akakaa hivyo muda. Kusimama ndiyo ilikuwa shida. Alimnyooshea Kenyi mkono, na Kenyi ndiye aliyemwinua.

Jembe lile tulilitia mpini mpya. Ndilo tulilolimia karanga msimu huu.

Swadiki sasa amerudi ziwani, lakini anabaki kwa mashua. Anashika saa na kamba. Wenzake wakitoka majini anawahesabu, na hakuna anayepanda barabara ya Nebbi siku hiyo, hata simu ilie namna gani. Wanamwogopa kuliko Odhiambo. Wageni wanapomuuliza kwa nini anachechemea, anawaambia alikimbilia maziko.

Nami jioni ya siku ya jembe niliwaita wote barazani, Zainabu, Ayikoru, Taban mdogo, Kenyi na mke wake na sufuria yake. Niliwaambia hivi, na nakuandikia wewe pia uwaambie wa kwako mapema, kabla simu haijalia. Siku yangu ikifika, mnizike kwa wakati wake kama dini inavyotaka. Jembe la kwanza apige yeyote aliye karibu, na asitokee mtu wa kuuliza. Lakini kama iko mtoto wangu mmoja aliyekuwa ndani ya maji siku hiyo, alale ziwani. Kenyi akafungua mdomo. Nikamwambia afunge. Aje kesho yake, ale, apumzike, halafu aje kunisalimu. Atanikuta. Mimi sitakuwa nakwenda mahali.